Limpopo Niliyokupa

Neema wangu,

Barua hii usiisome kwa macho peke yake. Kiswahili chako kiliingia kwa masikio, hakikupita kwenye karatasi, kwa hiyo ukikitazama tu kitakupita kama mtu mnayeishi naye mtaa mmoja bila kusalimiana. Kisome kwa mdomo, kwa sauti, ndipo utanisikia. Hata mimi naandika hivyo hivyo, kila neno nalitamka kwanza. Shule yangu unaijua: nilifika darasa la tano, la sita likanikuta sokoni kwetu Baraka na beseni la mawese kichwani. Ukiona kosa, liruke kama unavyoruka maji machafu hapa barabarani kwetu, uendelee na safari.

Sitakuandikia habari ya kula vizuri, wala ya kufunga mlango, wala ya wavulana. Hayo nimeyasema mpaka umeniomba ninyamaze. Nataka kuandika juu ya lile uliloniambia Jumapili, maana tangu siku hiyo tunapitana humu ndani kama wapangaji wawili, kila mmoja anampisha mwenzake kwenye jiko.

Nilikuwa nachambua sombe, yale majani yetu ya muhogo. Wewe ulikuwa unapiga pasi zile sare nyeupe za uuguzi. Ukasema kwa Kiingereza, nami nikasikia kwa Kiswahili, kama tunavyofanya siku zote.

"Mama, Jumatano usije stesheni."

Nikadhani unaihurumia miguu yangu. Nikakujibu kwamba mtoto haendi chuo bila kusindikizwa, nitaamka mapema, nitapanda teksi mpaka mjini, nitakubebea hata begi dogo. Ukaiweka pasi wima.

"Khanyi na mama yake watakuwepo. Wao wanajua mama yangu yuko Limpopo."

Nilicheka, unakumbuka? Nilicheka kwa sababu sikujua uso wangu niuweke vipi.

"Limpopo ipi?"

"Ile uliyonipa wewe."

Hukusema kwa hasira. Ungesema kwa hasira ningepata pa kushika. Ulisema kama mtu anayetaja saizi ya kiatu, ukarudi kwenye pasi yako, na mimi nikaendelea na majani yangu mpaka nikagundua natupa majani na kubakiza vijiti.

Na kinachonichekesha na kuniliza pamoja ni kwamba kesho unakwenda Limpopo ya kweli, jimbo lenyewe la kaskazini. Kati ya vyuo vyote ulivyoomba, kilichokuita kiko huko. Khanyi, rafiki yako wa tangu sekondari, amepata nafasi hapo hapo, na ameshapanga: wikendi ya kwanza mtakwenda wote kwa mama yako kijijini, akale viwavi vya mti wa mopani vilivyokaangwa na mama mwenyewe. Uliniambia hilo umeangalia ukuta. Mwanangu, kule watu wanajuana. Watakuuliza kijiji gani, chifu wenu nani, wewe ni wa nani. Hapa Joburg uongo ule ulikuwa na pa kujificha, kwa sababu kila mtu ametoka mbali na hakuna anayekwenda kuhakikisha. Kule utasimama nao uwanjani, jua la saa sita.

Acha nikuambie vizuri ulikotoka, maana ulikuwa mdogo na nadhani unaukumbuka kama ndoto.

Tulikuwa Diepsloot, kwenye vibanda vya pembeni mwa Joburg. Baba yako alikuwa na spaza ya mabati, kaduka kale ambako ulilala chini ya kaunta juu ya magunia ya unga. Milango yetu ilitazamana na ya Mama Tsakani, Mshangaani, mwenyeji wa Limpopo, aliyekaanga maandazi ambayo hapa wanayaita magwinya. Alikuwa na mdomo kama wembe. Siku ya kwanza alionja maandazi yangu, akayarudisha kwenye sahani, akasema sasa ameelewa kwa nini watu wanakimbia Kongo. Baada ya hapo tukawa marafiki.

Siku watu walipoanza kupita duka kwa duka wakiuliza mgeni yuko wapi, baba yako alikuwa mjini kwenye maduka ya jumla ananunua mzigo. Mama Tsakani aliingia kwetu bila kubisha hodi. Akanifungua kitenge. Akanifunga kitambaa chao, kile cha fundo moja begani. Wewe akakutupa mkekani katikati ya watoto wake, mimi akaniweka mbele ya karai la mafuta na kunipa mwiko. Walipofika mlangoni walikuwa wameshika vitu ambavyo sitaki kuviandika. Akawaambia, "Huyu ni mdogo wangu, ametoka nyumbani Limpopo. Ni bubu. Na huyu ni mtoto wake, Tintswalo."

Walinitazama. Nikageuza andazi. Wakavuka kwenda kwenye duka letu, nikasikia mabati yanaanguka, na sikugeuka, kwa sababu duka lile halikuwa langu tena. Mimi nilikuwa mtu wa Limpopo.

Baadaye nilimuuliza kwa nini Tintswalo. Akasema kwa lugha yao neno hilo ndiyo neema. Kwa hiyo jina lako hakulibadilisha, aliligeuza tu upande wa ndani kama nguo.

Sasa sikiliza. Mama Tsakani alidanganya mara moja, mlangoni kwake, akaokoa roho mbili. Siku iliyofuata alikuwa ameshausahau uongo wake, akanigombeza nimrudishie kitambaa kabla sijakimwagia mafuta. Ni mimi niliyeuchukua. Nikauhamishia hapa La Rochelle, mtaa huu wa Joburg, pamoja na masufuria, nikaulisha, ukakua pamoja na wewe.

Hapa hakuna aliyekuja mlangoni. Mtaa una watu wa Msumbiji, Wakongo wenzetu, Wareno wazee, kila mtu na sufuria yake. Lakini mimi nilikuwa bado nasikia mabati. Shuleni nikasema wewe ni Tintswalo. Nikakufundisha: ukiulizwa kwenu wapi, Limpopo. Barabarani usiniite kwa Kiswahili. Simu ikilia tukiwa kwenye teksi, iache ilie. Na kwa sababu ulimi wangu ulikuwa mzito kwa Kizulu, na Kiingereza changu kinanuka Kongo, wewe ndiye uliyemwambia dereva tushuke baada ya roboti, zile taa za barabarani, mimi nikikaa kimya na pochi yangu magotini. Mtoto wa darasa la pili alinisemea mimi.

Unakumbuka yule mama wa kanisa? Ulikuwa na miaka tisa hivi. Alikuwa amekaa nyuma yetu kwenye teksi, basi dogo limejaa abiria, na nguo zake nyeupe na msalaba wa kijani, akanisalimia, nikatabasamu tu. Akanisalimia tena. Ndipo ukageuka, ukamwambia kwa Kizulu safi, uso mkavu kama wa hakimu, "Hasemi." Yule mama akatikisa kichwa, akasimama akiwa ameinama kwa sababu ya paa, akaniwekea mikono miwili kichwani na kuanza kuniombea ulimi ufunguke. Teksi nzima ikaniombea. Dereva akapunguza redio. Kila aliposema amina, watu wanasema amina, na mimi nimekaa pale nauma midomo, kwa sababu nikisema amina nimefunguka, na nisiposema naonekana sina imani. Wewe ulikuwa umeingiza uso ndani ya jezi yako, mabega yanaruka.

Tulicheka mpaka tukakaa chini nje ya geti. Ulisema, "Mama, labda kesho ushukuru, uwaambie umepona." Miaka mingi nilikuwa nikikumbuka siku ile nafurahi. Siku hizi nikiikumbuka naona kitu kingine: mtoto wa miaka tisa anayejua kusema "hasemi" juu ya mama yake bila kupepesa kope. Nani alikufundisha? Nilikuwa nakufundisha hofu, Neema. Niliamini ndiyo peke yake ninayokupa. Sikujua kwamba hofu na aibu zinakula sahani moja, na ukimlisha mmoja mwingine naye ananenepa.

Baba yako aliliona mapema. Wakati huo alikuwa mlinzi wa maegesho ya magari, akirudi na ubaridi wa alfajiri kwenye koti. Aliniambia, "Mama Neema, unamfundisha mtoto kutembea kinyumenyume. Siku moja atajigonga." Nikamjibu kwamba yeye hakuwepo mbele ya lile karai. Jibu hilo nililitumia kila aliponiambia ukweli, na kila mara lilimnyamazisha, mpaka akaugua, akatuacha. Sasa nimebaki na jibu, sina wa kumjibu.

Linaloniuma kuliko yote ni la bibi yako, mama yangu.

Bibi alikuwa anapiga simu kutoka Baraka kila Jumapili, akisha kuazima simu ya mtu na kupanda mahali ambapo mtandao unashika. Kitu cha kwanza, kabla hata hajaniuliza kama nimekula: "Nipe mtoto." Na wewe ulikuwa pale pale, unatazama televisheni. Mwanzoni ulikuwa unakuja, unasema "jambo bibi," unakimbia. Halafu ukawa unatikisa kichwa kwa mbali. Kiswahili kilikuwa kimeanza kukushinda mdomoni, ukaona haya, na mimi sikukulazimisha. Nilifunika simu kwa kiganja, nikamwambia amelala. Jumapili nyingine, amelala. Mchana, jioni, amelala. Siku moja bibi akaniambia kwa huruma kabisa, "Mama, huyu mtoto analala sana. Mumpeleke kwa dokita."

Akafa akiamini ana mjukuu mwenye ugonjwa wa usingizi. Aliacha hata majani fulani kwa mjomba wako, yamefungwa kwenye kitambaa, ya kukuamsha. Sikukuambia, kwa sababu mwenye kosa hukuwa wewe.

Na kinu. Nacho hukukielewa, ulikiona tu.

Mtwangio unaujua, ule mweusi uliolainika katikati kwa mikono. Ule ni wa bibi. Nilipokimbia vita kule Baraka wengine walibeba magodoro, mimi nikapewa mtwangio. Nililalamika: mtwangio bila kinu ni wa nini? Bibi akasema kinu nitakipata popote penye mti, ila mti wa kutwangia ni lazima mkono wako uwe umeuzoea. Ni kweli nilikipata. Mkaratusi ulianguka karibu na kazini kwa baba yako, akaomba kipande, Mrundi mmoja akatuchongea kinu, kikaingia katika chumba hiki cha nyuma kama mgeni mnene, kikakaa.

Lakini kutwanga kuna sauti. Sauti ya sombe inayotwangwa haifanani na kitu kingine. Mtu akiisikia anajua nani anaishi hapa na wametoka wapi. Kwa hiyo nikachukua blanketi lile zito lenye picha ya chui, nikalikunja mara nne, nikakiweka kinu juu yake. Nikafunga dirisha. Nikafungulia redio nyimbo za dini kwa sauti kubwa. Ndiyo nikatwanga, polepole, kama mtu anayepiga mlango wa mgonjwa. Mawese yenyewe nilikaanga usiku usiku, harufu ikalale na watu. Wewe ulikuwa unafanya kazi yako ya shule kitandani, ukisimama kuongeza redio kila nilipokazana. Hatukuwahi kulizungumza. Ulijua tu.

Mwenye nyumba wetu, Dona Lurdes, ndiye aliyechoka. Unamjua, Mreno yule wa Madeira mwenye miguu iliyovimba. Alitoka kisiwani kwao akiwa msichana, na mpaka leo anaongea na dada yake aliye ng'ambo ya barabara bila simu, kwa kupiga kelele kupitia uzio, Kireno kitupu, magari yanapita katikati. Picha ya kisiwa chake iko juu ya mlango kabla hujaingia. Mgeni kama sisi, lakini yeye mwenyewe haogopi ugeni wake. Siku moja aligonga mlango kwa fimbo.

"Unapiga nini kwenye sakafu yangu? Unatengeneza pesa humu?"

"Hapana, Dona. Ni chakula."

Akachungulia. Akaona kinu kimekaa juu ya chui.

"Chakula? Mbona umekilaza?"

Wewe ulicheka, mimi nikakukata jicho. Akachovya kidole kinuni, akalamba, akasema inahitaji chumvi. Akasema mama yake naye alikuwa anatwanga uani vitunguu saumu vya samaki, na kijiji kizima kilimjua kwa mlio wake. Halafu akasema sakafu yake itapasuka, kuanzia leo nitwange nje, kwenye saruji. Nikamwitikia ndiyo, Dona. Sikutoka. Nililikunja blanketi mara sita badala ya nne.

Nilimwonea wivu, na wivu ulinikasirisha, kwa sababu najua si sawa sawa. Nilijiambia: huyu rangi yake inamlinda. Blanketi lake amezaliwa nalo, mimi la kwangu nililinunua. Na hilo bado ni kweli, Neema, sitakudanganya kwamba si kweli. Kwa hiyo sikuambii ukapige kelele kwenye uzio kama Dona Lurdes. Hofu yangu haikuwa ya bure. Nimeona kwa macho yangu. Siku watu wakija mlangoni na vitu mkononi, sema Limpopo, sema Giyani kule kule, sema mwezini, sema lolote, uishi. Nakuomba kwa magoti.

Lakini Khanyi hajashika kitu mkononi. Khanyi anataka kula viwavi.

Hapo ndipo mimi nilipopotea, na ndilo pekee ninaloweza kukuambia nikiwa na uhakika. Nilikuwa nikiwajibu watu wote kama ni wale wa mlangoni. Mwalimu aliyeuliza kwa upendo, nilimjibu kama wale. Yule mama wa maombi, kama wale. Hata bibi yako, aliyetaka kusikia tu ukipumua, nilimfungia mlango kama wale. Mtu akishajificha muda mrefu hajui tena anajificha nani.

Na Khanyi mwenyewe nilimjibu hivyo. Siku alipokuja mara ile moja kukuletea daftari, alinikuta getini naanika nguo. Akasema, "Hello, Anti." Nikakutazama wewe, wewe ukatazama kamba ya nguo. Ndiyo nikajua kwamba kwa rafiki yako mimi ni anti unayekaa kwake. Nikamjibu, "Hello, my dear," nikaingia ndani, nikawamiminia juisi kama anti. Hukuniomba nifanye vile. Nilifanya mwenyewe, na vizuri, kama niliyekuwa nangoja siku hiyo. Wewe usijilaumu kwa siku ile. Mwanafunzi anayefaulu mtihani halaumiwi.

Ila kesho mtihani ni mwingine, na mimi siwezi kuufanya kwa niaba yako. Sijui utajibu nini huko. Naogopa ukisema kweli watakutenga, na naogopa usiposema utakuwa unaamka kila siku kutunga kijiji. Kijiji cha kutunga kinachosha, mwanangu. Kinataka kila siku mtu mpya, kisima kipya, mbuzi wapya. Na kile cha kweli kimekaa tu, hakikuombi kitu. Basi nikupe, ukiwa nacho utajua mwenyewe lini ukitoe.

Kwetu ni Baraka, katika Fizi, mashariki ya Kongo, kando ya ziwa Tanganyika. Sisi ni Wabembe. Baba yako ni wa kina Wilondja, watu wa miguu mirefu, na miguu yako hiyo inayoning'inia kitandani umeitoa huko. Bibi yako aliitwa Nyasa. Aliuza mawese, na wachuuzi kutoka Uvira walikuwa wanamngoja aonje pipa kabla hawajanunua, kwa sababu hakuwa na subira ya kumsifia mtu mafuta mabaya hata kama mtu huyo ni ndugu yake. Alikuwa na mwanya mbele, ule ule ulionilazimisha nikuulizie kwa daktari wa meno na nikashukuru tulipokosa pesa ya kuuziba. Na kicheko chake kilikuwa kinachelewa. Watu wanacheka, wanamaliza, wanafuta machozi, ndipo yeye anaanza, na wanaanza tena wote kwa sababu yake. Hivyo hivyo unavyocheka wewe. Darasani walikutania kwamba unaelewa kwa kuchelewa, ukarudi unalia. Hukuwa unachelewa. Ulikuwa unacheka Kinyasa, na mimi niliyejua nilikaa kimya, kwa sababu kukuambia ni cha nani kulikuwa ni kukuambia tumetoka wapi.

Hivyo unavyo tayari mdomoni na miguuni. Sikukufundisha, na sikuweza kukuzuia. Nimewaza sana jambo hilo wiki hii: miaka yote niliyotumia kukufunika, bibi alikuwa amekaa hapo mbele, kwenye meno yako, kila ulipofungua mdomo kusema Limpopo.

Mama Tsakani angenicheka. Angesema Limpopo ni ya wenyewe, turudishe kitambaa.

Sasa kuhusu kesho. Nitakuja stesheni, Neema. Uliniambia nisije, na hii ni mara ya kwanza nakukatalia jambo ukiwa mtu mzima. Nitavaa kile kitenge cha buluu nilichovaa siku ya mazishi ya baba yako, kwa sababu ndicho kizuri nilicho nacho. Sikuji kukuumbua. Sitasema neno kabla hujasema. Ukinionyesha kwa Khanyi na mama yake ukasema huyu ni anti, nitaitika, nitawapa mkono, nitabeba begi. Nimeshakuwa bubu, nimeshakuwa mdogo wa Mama Tsakani, kuwa anti mara moja zaidi hakutaniua. Sitakasirika na sitalia mpaka basi liondoke. Lakini sitakaa nyumbani. Yule aliyekaa Limpopo miaka yote hii hakukuzaa, basi asiwe yeye atakayekusindikiza.

Na ukiniita mama, nitaitika kwa Kiswahili. Hilo nakuonya mapema. Ninalo itikio la miaka mingi humu kifuani, huenda likatoka na sauti kubwa.

Nimekufungia ndagala, wale dagaa wetu wakavu, kwenye mfuko wa ndani ya mfuko, harufu haitatoka. Blanketi la chui nimelifua juzi, limekauka, liko juu kabisa ndani ya begi lako. Katikati lina alama ya duara pale kinu kilipokaa. Nimesugua kwa brashi, haikutoka. Ukipata baridi jifunike nalo, lilikuwa la kufunika watu tangu mwanzo.

Kwa hiyo alfajiri nitakapotwanga sombe yako ya njiani sina tena cha kutandika chini. Nitakitoa kinu uani, nikiweke kwenye saruji kama Dona Lurdes alivyotaka, na redio nimeichomoa. Utaamka kwa sauti hiyo. Usije kunizuia. Lakini ukitaka kuja kushika mtwangio kidogo kabla ya kuoga, utanikuta.

Mama yako,
aliyeko La Rochelle, chumba cha nyuma.